Kupigwa msasa ili uwe Mkenya: ya Garissa ni yetu pia

Mara ya kwanza kumsikia mtu akisema "kijana wangu amekwenda Kenya" ilhali tumekaa ndani ya Kenya, nilikuwa Garissa, kwenye hoteli ya chai karibu na soko. Mzee mmoja alikuwa akimweleza mwenzake habari za mwanawe aliyesafiri Nairobi. Nilicheka. Nikamuuliza, "Mzee, kwani hapa tulipo ni wapi?" Hakucheka. Akaniambia, "Nyinyi watu wa Pwani, mtu akienda Nairobi hamsemi amekwenda bara? Na bara si hapo hapo Kenya?"

Nilinyamaza, maana alinishika pabaya. Marehemu bibi yangu, Mbajuni wa visiwani, alisema "wabara" kwa sauti ile ile mzee yule aliyotamkia "Kenya". Na vijana wetu waliopaka kuta za Mombasa maneno "Pwani si Kenya" miaka ya 2010 hadi 2012 hawakutoa wazo hilo mbinguni. Watu hawajiondoi katika nchi kwa maneno kabla ya kuondolewa kwa vitendo.

Nimeandika makala haya kwa sababu kila likizuka suala la vitambulisho vya Wasomali, nasikia wenzetu wa Pwani wakisema, "Hayo ni ya Kaskazini Mashariki, sisi hayatuhusu." Wengine husema vibaya zaidi, hasa tukiwa wenyewe kwa wenyewe barazani, na sitayarudia hapa. Nataka nieleze yalikoanza, yalivyoendelea, na kwa nini naona ni ugonjwa mmoja na wetu.

Mistari ya Mwingereza

Eneo hili Mwingereza aliliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na wazee mpaka leo hulitaja kwa herufi tatu za Kiingereza, NFD. Kwa sheria ya mwaka 1902 na nyengine ya 1934, lilikuwa eneo lililofungwa. Hukuweza kuingia wala kutoka bila ya pasi. Hapakuwa na reli, na shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Lilikuwa ukuta wa vumbi baina ya mashamba ya walowezi na Wahabeshi na Wataliano waliokuwa ng'ambo ya pili. Watu waliokuwa ndani ya ukuta huo hawakuhesabiwa sana.

Kwengineko katika koloni Mwingereza alipanga watu kwa madaraja: Mzungu juu, kisha Mhindi, kisha Mwarabu, kisha "mwenyeji". Mwenyeji mwanamume alibeba kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kufanya kazi baada ya vita vikuu vya kwanza: karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati kilichotundikwa shingoni. Ndiyo maana wazee wetu mpaka leo kitambulisho hukiita kipande. Neno limebaki, na pengine zaidi ya neno.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokuwa wakiishi Nairobi, Nanyuki na miji mengine walipigana kwa miaka mingi wasihesabiwe wenyeji. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria iliyowatoa baadhi yao katika hesabu hiyo. Miaka ya 1930 wakaandika malalamiko mpaka London, wakidai kutozwa kodi ya juu zaidi, ile waliyotozwa Wahindi. Umepata kuona watu wanaoandamana ili walipe kodi kubwa? Lakini walifahamu mchezo. Kodi ilikuwa ndiyo kitambulisho: ukilipa kama Mhindi, utatibiwa hospitali ya Mhindi na hutabeba kikopo shingoni.

Kabla hatujawacheka, tukumbuke yetu. Hapa Mombasa Thenashara Taifa, Waswahili wa miji kumi na miwili, walihangaika kuanzia miaka ya 1920 wapate kuhesabiwa Waarabu, maana Mwarabu alikuwa na kura na Mswahili hana. Ndugu wa baba mmoja waligombana nani aandikwe nini. Mwingereza aliandika daftari, sisi tukapigania mistari yake. Ugomvi huo umeacha makovu katika baadhi ya mitaa yetu ya kale ambayo mpaka leo harusi zinayajua.

Miaka mitatu iliyoamua

Baina ya 1961 na 1963 Pwani na Kaskazini zilikuwa na swali moja: baada ya Mwingereza kuondoka, sisi ni wa nani? Kwetu ilikuja tume ya Sir James Robertson mwaka 1961 kuchunguza habari ya ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Ikapendekeza uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakabadilishana barua. Suala la Mwambao likafungwa kwa karatasi. Wako walioridhika na wako waliolia, lakini hapakumwagika damu.

Kaskazini mambo hayakwenda hivyo. Tume ilikwenda huko 1962, ikasikiliza watu, na ikaripoti kwamba wengi, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia iliyopata uhuru 1960. Wako pia waliotaka kubaki Kenya. Mwingereza alisikiliza, akaandika, kisha Machi 1963 akatangaza kwamba eneo hilo litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Wasomali wakaususia uchaguzi wa Mei. Mwezi uliofuata Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika huko Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Disemba bendera ikapandishwa, na kabla mwaka haujaisha serikali mpya ikatangaza hali ya hatari katika mkoa ule. Raia wa huko walionja uhuru kwa wiki mbili hivi.

Vita vya Shifta viliendelea mpaka 1967, Kenya na Somalia zilipokubaliana Arusha kwa upatanishi wa Rais Kaunda wa Zambia. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, mifugo ikachukuliwa au ikafa, na mfugaji asiye na mifugo huwa kama mvuvi aliyevunjiwa chombo. Hali ya hatari haikuondoka na vita. Iliondolewa kisheria mwishoni mwa 1991. Ukizaliwa Garissa siku ya uhuru, ulikuwa na umri wa karibu miaka 28 kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria zile zile alizoishi chini yake mtu wa Nyeri au Kisumu.

Hapa ndipo nataka msomaji wa Lamu, Faza, Kiunga na Tana asimame kidogo. Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita vile. Sheria hiyo iliyataja maeneo kwa majina: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, wilaya za Isiolo na Marsabit, na pia Tana River na Lamu. Lamu yetu imo. Ni wakati huo huo ambapo vijiji vya Wabajuni vya bara ya Lamu, huko upande wa Kiunga na Mkokoni, vilihamwa, watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Bibi yangu aliacha minazi na shamba la mahindi. Hakurudi kuyaona. Alipokuwa akisimulia hakusema "vita vya Wasomali", alisema "wakati wa shifta", kama mtu anavyosema wakati wa tufani. Na hao waliokimbia, watoto wao walipokwenda kuomba vitambulisho, waliulizwa: nyinyi si watu wa Kismayu?

Jenerali na foleni

Yaliyofuata yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa na wakaazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi bila chakula wala maji. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakavuliwa nguo na kulazwa juani kwa siku kadhaa. Serikali ya wakati huo ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji wanahesabu kwa mamia mengi, na wengine kwa maelfu. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir, ndiye aliyelipeleka jambo hilo bungeni wakati ambapo kufungua mdomo kulikuwa na gharama.

Lakini tukio linalonikaa zaidi kichwani halina maiti. Ni la Novemba 1989. Serikali ilitangaza kwamba kila Msomali wa Kenya aliyetimia miaka 18 ajitokeze mbele ya kamati, athibitishe kuwa ni Mkenya. Hakuambiwa Mkenya yeyote anayeishi mpakani. Hakuambiwa Mluhya wa Busia mwenye jamaa Uganda, wala Mmasai wa Namanga mwenye boma Tanzania. Aliambiwa Msomali, awe Garissa au Mombasa, awe mchungaji au daktari. Mtu alisimama foleni, akataja ukoo, mbari, jina la babu na la baba wa babu, na jina la chifu. Aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi, ambayo ilimbidi kuitembeza pamoja na kitambulisho chake cha kawaida. Walioshindwa kuwaridhisha wanakamati, wako waliofukuzwa nchini.

Na wakati foleni hizo zikipangwa, Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya alikuwa Jenerali Mahmoud Mohamed, Msomali wa Garissa. Huyu ndiye aliyeongoza askari waliozima jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na kumrudisha Rais Moi madarakani. Ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, alikuwa waziri. Yaani nchi ilimwamini Msomali na bunduki zake zote, ndege zake na meli zake, lakini haikumwamini mpwa wake na kipande cha karatasi. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na sijapata maelezo isipokuwa moja. Cheo cha jenerali kilikuwa zawadi ya mtu kwa mtu. Uraia ungekuwa haki, na haki humgusa hata yule usiyemjua.

Kadi za waridi zilikwisha, msasa ukabaki. Kwa miaka zaidi ya thelathini kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyetimia miaka 18 hakwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa akamaliza, kama kijana wa Murang'a. Alisubiri kamati. Kamati ina wazee, machifu, maofisa wa usajili na wa usalama, na hukaa siku inazotaka yenyewe. Utaulizwa kitambulisho cha baba, cha babu, na majina ya koo. Aliye maili mia kutoka mjini atauza mbuzi apate nauli, afike, aambiwe kamati haikukaa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandika juu ya haya tangu 2007. Pale kambini Dadaab, iliyofunguliwa 1991, pana kisa cha kusikitisha zaidi: Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate mgao wa chakula na matibabu. Wengine waliandikishwa na wazazi wakiwa watoto wadogo. Walipokua wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema alama hizi za vidole ni za mkimbizi. Unga aliokula akiwa na miaka sita ukamvua uraia akiwa na kumi na nane.

Mimi mwenyewe niliwahi kuonja tone moja tu. Mpwa wangu alipoomba kitambulisho, katika ofisi moja ya hapa Pwani ambayo sitaitaja, karani alilitazama jina lenye "bin" katikati, akamtazama uso, akasema alete kitambulisho cha babu. Babu alikufa 1974. Mbele yake kijana wa jina la bara alihudumiwa kwa dakika kumi. Tulikwenda na kurudi miezi saba. Nilipomsimulia rafiki yangu wa Garissa alinipongeza, akaniambia, "Saba tu? Mashallah."

Msasa haukumzuia

Wanaotetea msasa wana hoja moja nzito, nayo ni usalama, na sitaipuuza. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi. Waliwatenganisha, Mwislamu huku na Mkristo huku. Walikuwa watoto wa watu waliotoka pembe zote za nchi kuja kusoma. Mwaka uliotangulia, Novemba 2014, basi lilisimamishwa Mandera na abiria 28 wakauawa kwa namna hiyo hiyo. Hapa kwetu Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya watu 60. Mtu aliyezika mwanawe baada ya Garissa ana haki ya kuuliza maswali makali, na mimi si wa kumnyamazisha.

Ila tuangalie alikuwa nani mmoja wa wauaji wale wa chuo. Alikuwa kijana aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera. Baba yake mwenyewe alikwisha kuripoti kwa wenye mamlaka kwamba mwanawe ametoweka. Huyu alikuwa Mkenya kwa karatasi na kwa ukoo. Angepita kamati yoyote kabla ya chai ya saa nne. Msasa hupima nasaba, haupimi nia. Taarifa ya baba ilikuwa na thamani kuliko kamati zote, na baba huyo alikuwa Msomali. Kisha Aprili 2014, katika ile operesheni ya Eastleigh, maelfu ya watu walikusanywa na wengi wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani ili wapekuliwe karatasi. Ukimfungia mtu uwanjani kwa sababu ya pua yake, kesho akijua jambo hatakuletea.

Tarehe 21 Disemba 2015 basi jengine lilisimamishwa huko huko Mandera. Washambuliaji wakaamrisha abiria wajitenge kwa dini. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi akikataa kuwatenga wenzake, na akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilizaa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo za Oscar. Abiria wale hawakuwa wamesoma kifungu chochote cha katiba. Lakini walikataa kufanya kazi ile ile inayofanywa kila siku na watu wenye mihuri: kuwapanga Wakenya kwa mistari.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Garissa kwenyewe kuna msasa wa aina nyengine. Mwalimu wa Kikamba au wa Kiluhya anayefundisha Garissa ataitwa "Mkenya", na neno hilo likitamkwa kwa namna fulani ni tusi. Wako wanaotumia maneno ya nywele na ya utumwa ambayo Mwislamu anapaswa kuona haya kuyatamka. Wamunyoyaya, ambao wameishi kando ya Mto Tana kabla ya mji wenyewe kuwa mji, wanalalamika kwamba hawaonekani zinapogawanywa nafasi. Na siasa ya kaunti huendeshwa na wazee wanaokaa wakagawa ugavana, useneta na ubunge kwa koo hata kabla ya karani wa kura kuamka. Wanasema huleta amani, na kweli vita vya koo vimemaliza watu. Lakini mwanamke, au kijana, au mtu wa jamii ndogo asiye na wazee pale mkekani, hana kura ya maana. Januari 2020 walimu watatu wasio wenyeji waliuawa Kamuthe, tume ya walimu ikawahamisha wenzao kwa wingi, na shule zikabaki na madarasa yasiyo na mtu mbele ya ubao. Aliyepoteza ni mtoto wa Kisomali. Dai la Garissa kwamba ni Kenya lina nguvu ikiwa mwalimu wa Machakos anaweza kulala Garissa kama anavyolala Machakos.

Kabila la ngapi?

Nakuja kwenye jambo ninalotofautiana na wengi, wakiwemo marafiki zangu.

Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Walikuwa wameishi hapa tangu enzi za mashamba ya mkonge bila ya nchi. Serikali ikawakubali, ikawatangaza kabila la 43 la Kenya. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kabila la 44. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba waliokuwa wakivua samaki Kilifi na Kwale kwa vizazi. Nilifurahi kila mara, na nilimwona mzee wa Kipemba akikishika kitambulisho chake kama mtu aliyeshika mjukuu. Sitaki mtu aseme ninawaonea choyo.

Lakini tazama mlango waliopitishiwa. Hawakuambiwa "nyinyi ni watu mliozaliwa hapa, sheria inawatambua". Waliambiwa "nyinyi sasa ni kabila". Maana yake ni kwamba nchi ni jumla ya makabila, na asiye na kabila kwenye orodha hana nchi. Sheria yenyewe ya usajili wa watu iliyorithiwa kwa Mwingereza inataka mtu atangaze kabila au rangi yake kabla ya mahali alipozaliwa. Kwa hesabu hiyo, Mswahili ambaye baba wa babu yake alitoka Hadhramaut na mama wa babu alitoka Giriama atajitangaza nini? Na ndiyo maana kila sensa hutugeuza kuwa ugomvi. Mwaka 2010 waziri wa mipango alipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, Wasomali walionekana kuwa zaidi ya milioni 2.3, na matokeo ya wilaya nane za Kaskazini yakafutwa. Kaunti ikiwa na watu wengi sana hushukiwa, ikiwa na wachache hunyimwa fedha.

Katiba ya 2010 haisemi habari za kabila katika uraia. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia. Baba au mama, basi. Babu hakutajwa. Ukoo haukutajwa. Hata mtoto aliyeokotwa, akionekana hajatimia miaka minane na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa raia. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Kwa hiyo katiba inamwamini mtoto aliyeokotwa njiani kuliko kamati inavyomwamini mtoto wa Wajir mwenye baba, mama na ngamia.

Jirani zetu walikabiliana na swali hili mapema. Oktoba 1961, Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Nyerere alikataa katakata, akaweka serikali yake rehani: ikiwa uraia utapimwa kwa rangi, wao watajiuzulu. Sheria ikapita alivyotaka. Miaka miwili na miezi michache baadaye, Januari 1964, Zanzibar ilionyesha siasa za rangi zikiachiwa hufika wapi. Wapo miongoni mwa wasomaji wangu ambao familia zao zilishuka Mombasa kwa sababu ya Januari ile.

Februari 2025 Rais William Ruto alikuwa Wajir, akatia saini agizo la kuondoa msasa huu katika kaunti za mpakani, kijana wa huko atendewe kama wa kwengine. Kwa kelele zilizofuata ungedhani nchi imeuzwa. Wako wanasiasa waliosema wageni watafunguliwa mlango, na wako waliosema ni hila ya kutafuta kura. La kura silikatai, mwanasiasa hafanyi wudhuu bila kuhesabu safu zilizo nyuma yake. Lakini haki inayotolewa kwa ajili ya kura bado ni haki. Kinachonitia wasiwasi ni chengine: agizo hutoka mdomoni mwa rais mmoja na linaweza kumezwa na rais mwengine. Bunge lifute kisheria, na lile sanduku la "kabila au rangi" liondoke kwenye fomu.

Safari yangu ya mwisho niliondoka Garissa alfajiri kwa basi la Malindi, kupitia Hola na Garsen. Tulivuka daraja la Tana na punde tu, upande wa Madogo, tukasimamishwa. Askari kijana aliingia, akapita akikusanya vitambulisho. Alipofika kwangu alikitazama, akanitazama, akauliza, "Wewe ni Mwarabu au Msomali?" Nikamwambia mimi ni mtu wa Malindi. Akasema, "Najua, lakini asili yako?" Kando yangu alikuwa binti wa Kisomali, mwanafunzi, amekwisha kutoa kitambulisho, kadi ya chuo na cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, vyote vitatu, kabla ya kuulizwa. Nyuma yetu mama mmoja wa Kikamba, muuza nguo, alikuwa amelala. Askari hakumwamsha.

Basi lilipoondoka binti yule aliukunja mfuko wake wa plastiki, akaurudisha ndani ya mkoba. Nilimuuliza vizuizi vimebaki vingapi. Akanitajia hesabu kamili hadi Malindi, kwa majina.